Sura haizeeki pole pole, inaachia siku moja. Nani kanielewa?

#1 Kioo Hakidanganyi
Wakuu, salaam. Nina miaka 46. Wiki iliyopita nimepokea pasi mpya ya kusafiria, ile ya zamani ilikuwa imemaliza miaka yake 10. Nikaziweka zote mbili juu ya meza, kurasa za picha wazi. Kovu lile lile juu ya nyusi ya kushoto, nywele zimerudi nyuma kidogo tu. Ila yule wa pasi mpya si mimi. Ni marehemu baba. Sisemi tumefanana, nasema ni yeye mwenyewe, na pua yake, na zile kope zake za mtu anayesikiliza taarifa ya habari huku anasinzia. Na mimi tangu utotoni naambiwa "huyu ni mama yake mtupu".

Kinachonitatiza ni hiki: miaka yote hiyo nimenyoa ndevu mbele ya kioo kila asubuhi na sikuona kitu. Kwa hiyo naweka hoja mezani. Uso hauzeeki kidogo kidogo. Unajishikilia, unajishikilia, halafu siku moja unaachia. Mwenye maelezo ya maana alete. Asije mtu kuniambia "umri umeenda mkuu", hilo nalijua.

#2 Msumari
Umri umeenda mkuu.

#3 Dada wa Zamu
Hahaha, Msumari una dhambi.

Mleta uzi, kioo chako ndicho kilichokudanganya. Unachokiona kila siku hukioni. Mjomba akikaa miaka mitano bila kukuona, yeye ndiye atakwambia ukweli mlangoni kabla hata ya salamu.

Ngozi inaanza kupoteza kolajeni tangu ujana wa utu uzima, makadirio yanayotajwa sana ni kama asilimia 1 kwa mwaka. Kolajeni ndiyo inayoipa ngozi uimara, elastini ndiyo inayoirudisha ikivutwa. Mimi kipimo changu ni alama ya mto. Nikiwa na miaka 20 nikiamka na mkunjo wa foronya shavuni, unafutika kabla sijamaliza kupiga mswaki. Sasa nina 51. Naingia zamu saa 1 asubuhi na mstari wangu, saa 4 mgonjwa ananiuliza nimejikwaruza na nini.

#4 Mpigapicha Mstaafu
Kabla hujauzika ujana wako, swali moja: picha hizo zilipigwa umbali gani? Nauliza kwa sababu nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeona watu wakilia kwa sababu ya lenzi. Simu ukiishika kwa urefu wa mkono uliokunjwa, kama sentimita 30 kutoka usoni, pua inatokeza pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ukipigwa kutoka mita moja na nusu. Kuna madaktari wa Marekani walilipigia hesabu jambo hilo mwaka 2018, kwa sababu watu walikuwa wanakwenda kuomba pua zao zipunguzwe huku wamebeba selfi kama ushahidi.

Taa nayo. Taa ikiwa juu ya kichwa, kila kishimo kinapata kivuli. Naweza kukuzeesha miaka kumi kwa kusogeza taa tu.

#5 Kioo Hakidanganyi
Mkuu zote mbili ni za studio, nimekaa kwenye kiti, mpigapicha yuko kule, taa mbili pembeni. Pua ni ya baba. Usinitetee.

#6 Kinyozi Mtulivu
Pua na masikio havikomi kukua mpaka kaburini. Mimi nashika vichwa vya watu kila siku. Mteja niliyeanza naye akiwa na miaka 40 leo ana 60, nikipitisha mashine nyuma ya sikio naona kabisa ndewe imeshuka. Zamani nilikuwa nakunja sikio kwa kidole kimoja, sasa viwili. Na nywele za ndani ya sikio sizungumzii, hiyo ni mada nyingine.

#7 Chaki Nyeupe
Kinyozi, umegusa kitu chenye vipimo. Mwaka 1995 daktari mmoja wa Uingereza, James Heathcote, alichapisha katika jarida la BMJ matokeo ya kupima masikio ya wagonjwa 206 wenye miaka 30 na kuendelea. Akapata wastani wa milimita 0.22 kwa mwaka. Piga hesabu ya miaka 50, ni sentimita moja na ushee.

Ila neno "kukua" lina utata. Heathcote hakumfuata mtu mmoja kwa miaka 50, alipima watu wa umri tofauti kwa wakati mmoja. Tena sikio linaweza kurefuka bila kukua: gegedu inalegea, ngozi ya ndewe inanyooka. Pua vilevile. Ile ncha imeshikiliwa na gegedu na tishu zinazoiunganisha na mfupa. Zikilegea, ncha inainama na pua inaonekana ndefu. Kilichobadilika ni egemeo.

#8 Mbishi Halali
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni uvutano wa dunia. Ndewe inashuka, mashavu yanashuka, kope zinashuka, kidevu kinakuwa viwili. Je, kuna kitu chochote usoni kinachopanda juu na umri? Hakuna. Nimemaliza.

#9 Msumari
Kipara kinapanda.

#10 Fundi Meno
Mbishi, niambie kwenye panja, pembeni ya macho, pale panapobonyea kwa wazee, ni kitu gani kimedondoka na kimekwenda wapi? Na macho kuingia ndani, huo ni uvutano wa kuelekea kisogoni?

Mimi natengeneza meno bandia. Rafu yangu ina vielelezo vya plasta vya fizi za wateja, wengine nina vyao vitatu au vinne kwa sababu wanarudi kila baada ya miaka kadhaa wakilalamika meno yanacheza. Hayajabadilika meno. Ukivipanga vielelezo vya mtu mmoja kwa mfuatano, unaona tuta la ufizi lilivyokuwa nene kama kidole gumba, baadaye kama kidole kidogo, baadaye kama ukingo wa sahani. Mfupa unaoshika meno unaishi kwa kazi ya meno. Jino likitoka, mfupa unajila. Ndiyo maana bibi akivua meno yake usiku, kidevu kinapanda kuisalimu pua. Hapo nimekujibu na swali lako la kitu kinachopanda.

Na hata mwenye meno yote hajanusurika. Robert Shaw na wenzake walitoa utafiti mwaka 2011, picha za CT (eksirei za kompyuta) za mafuvu ya watu 120, nusu wanawake nusu wanaume, wa rika tofauti. Matundu ya macho yanapanuka na umri. Pembe ya taya inafunguka. Hema ukilifupisha miti, turubai litalegea tu, usilaumu turubai.

#11 Mbishi Halali
Sawa, miti imefupishwa. Turubai linalegea kuelekea wapi? CHINI. Asante kwa kunisaidia.

#12 Dada wa Zamu
Hapa nawapa wote nusu nusu. Niongeze homoni. Kwa wanawake, estrojeni ikishuka hedhi inapokoma, ngozi inapata pigo. Tafiti zinataja hadi kama asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi kupotea ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Na mifupa nayo kupungua kipindi hicho kunajulikana wazi. Kwa hiyo "kuachia siku moja" kwa mleta uzi si upuuzi kabisa, wanawake wengi watakwambia kuna mwaka walioukumbuka.

#13 Msumari
Kwa hiyo mleta uzi amekoma hedhi?

#14 Kioo Hakidanganyi
Msumari, siku tukionana utanilipa.

#15 Chaki Nyeupe
Kioo, kuna kitu kitakufurahisha. Mwaka 2024 watu wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa utafiti katika jarida la Nature Aging. Walifuatilia watu 108 wenye umri kati ya 25 na 75, wakipima maelfu ya molekuli na vijidudu vya mwilini. Mabadiliko hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Yalijazana sehemu mbili, karibu na miaka 44 na karibu na miaka 60. Na lile la 44 walilikuta kwa wanaume pia, kwa hiyo haliwezi kubebeshwa ukomo wa hedhi peke yake.

#16 Kioo Hakidanganyi
44! NILIJUA. Uzi ufungwe.

#17 Mbishi Halali
Usifunge. Watu 108 ni basi moja na nusu. Pili, wamepima damu na vinyesi na vitu vya namna hiyo, hakuna aliyepima shavu la mtu. Tatu, hawakumfuata mtu kuanzia 25 hadi 75, wengi walifuatiliwa miaka michache tu. Chaki mwenyewe ndiye aliyetufundisha kosa hilo kwenye masikio, sasa amelisahau.

#18 Chaki Nyeupe
Umenikamata. Nakubali, sura hawakupima.

#19 Suka Masafa
Mnaongea mifupa na homoni, jua mmelisahau. Kuna dereva mmoja wa lori Marekani picha yake ilitolewa kwenye jarida la madaktari, nusu ya uso ya mzee wa miaka 80, nusu ya mtu wa 50 na kitu. Upande wa kulia, upande wa dirisha, umekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Mimi naendesha miaka 19 na shavu langu la kulia limeshaanza. Nikiegemea dirisha mke wangu ananiambia geuka, kaa upande wako mzuri.

#20 Dada wa Zamu
Suka, yule alikuwa kushoto. Kwa Marekani dereva anakaa kushoto. Wewe ni kulia kwa sababu usukani wako uko kulia, na hilo ndilo linalothibitisha hoja yako zaidi. New England Journal of Medicine, 2012, mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza mizigo miaka 28. Kioo cha dirisha la gari kinazuia sehemu kubwa ya miale ya jua ya UVB, ile inayounguza, lakini UVA inapita. Na UVA ndiyo inayozama ndani zaidi ya ngozi. Kwa hiyo mtu haungui, hana habari, huku kolajeni inachambuliwa taratibu. Picha za daktari wa ngozi usipoziona huwezi kuamini ni uso wa mtu mmoja.

#21 Suka Masafa
Asante dada. Kushoto, kulia, mradi dirishani.

#22 Kinyozi Mtulivu
Losheni ya kukinga jua basi ni kweli inasaidia au ni biashara?

#23 Dada wa Zamu
Inasaidia. Australia waliwagawa watu wazima 903 wenye umri chini ya miaka 55 kwa kura. Wengine wapake kila siku, wengine wapake wanavyojisikia. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku ngozi ilikuwa imechakaa pungufu kwa asilimia 24.

#24 Mbishi Halali
Ngozi ya wapi?

#25 Dada wa Zamu
...Mgongo wa kiganja.

#26 Mbishi Halali
Nilitaka tu useme wewe. Kuna mtu hapa ameleta damu, mwingine kaleta kiganja. Uso wenyewe lini?

#27 Kimya Kingi
Mara nyingi nasoma tu, leo niseme. Habari nyingi hizi za mikunjo zimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi sana ina kinga yake. Kuna vipimo vya mwaka 1979 vilivyokadiria melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inafanya kazi kama losheni ya jua ya kiwango cha 13 hivi, ukilinganisha na kama 3 kwa weupe. Kwa hiyo makunyanzi ya mapema usiyategemee. Sisi tunaanza na mabaka, rangi kutokuwa sawa, na vile vinyama vidogo vyeusi vya mashavuni na kuzunguka macho. Mama yangu alikuwa navyo kama mtu aliyerushiwa pilipili manga. Havina madhara, vinaongezeka tu.

Lakini angalieni: mama alifika 70 bila mkunjo hata mmoja wa paji, na bado ungemwona mtaa wa pili ungejua huyo ni mzee. Kwa nini? Chini ya macho pamebonyea, mashavu yamehama, taya limepungua. Melanini iko kwenye ngozi. Mfupa na mafuta ya chini havina losheni.

#28 Fundi Meno
Kimya Kingi, uwe unaongea mara nyingi zaidi.

#29 Bibi Mtandao
Marahaba nyote kabla hamjasalimia. Nina miaka 72 na mjukuu kanionyesha uzi huu akidhani nitaudhika.

Nyie mnatazama kutoka nje, mimi nipo ndani. Midomo ndiyo iliyonitoka kwanza. Nilikuwa na midomo minene, siku moja nimepaka rangi, nikaenda kwenye shughuli, narudi najitazama, rangi imepanda juu kwenye vifereji kama wino kwenye karatasi mbovu. Huo ndio ukawa mwisho wa rangi nyekundu.

Cha pili, na hiki ndicho cha mleta uzi. Nikiwa na 58 nilikuwa mnene, watu wananipa 45. Nikaugua, kilo zikanitoka kwa wiki chache. Kilo baadaye nilizirudisha, zikaenda tumboni. Uso haukurudi. Nililala na uso mmoja nikaamka na mwingine. Kwa hiyo mwanangu, ukisema sura inaachia, mimi nakuamini. Ulipungua uzito?

#30 Kioo Hakidanganyi
Shikamoo mama. Kilo 9, miaka miwili iliyopita. Daktari alinisifia.

#31 Msumari
Daktari hakutazama juu ya shingo.

#32 Chaki Nyeupe
Bibi ametupa ufunguo. Zamani ilidhaniwa mafuta ya uso ni tandiko moja. Mwaka 2007 madaktari wawili, Rohrich na Pessa, walionyesha kwamba yamegawanyika katika vyumba vyenye kuta, kila chumba na hesabu yake. Ya shavu la ndani yanapungua, yale ya kando ya taya yanabaki au yanaonekana zaidi. Chini ya jicho ule utando unaozuia mafuta unalegea, yanachungulia, hiyo ndiyo mifuko. Kwa mtoto vyumba vyote vimejaa, unaona tufe moja laini. Kwa mtu mzima kimoja kimepungua jirani yake hajapungua, katikati kunatokea kivuli. Tunachokiita uzee kwa mbali ni vivuli tu.

#33 Mpigapicha Mstaafu
Ndicho nilichosema kwenye #4 na mkaniona mjinga.

#34 Mbishi Halali
Na mimi nasema mafuta yanashuka kutoka chumba cha juu kwenda cha chini. Uvutano.

#35 Chaki Nyeupe
Hayahami, kuta zipo! Cha juu kinapungua, cha chini kinabaki.

#36 Mbishi Halali
Ulikuwepo?

#37 Pacha B
Mimi na ndugu yangu ni pacha wa kufanana, yai moja. Mpaka miaka 30 mama alikuwa anakosea kwenye simu na kwenye picha. Sasa tuna 49 na watu wanauliza nani mkubwa. Yeye ni mnene, mimi mwembamba, nakimbia kilomita 8 kila Jumamosi, sivuti. Yeye aliwahi kuvuta akaacha. NA MIMI NDIYE NINAYEONEKANA MKUBWA. Nilidhani nimelogwa mpaka nikakutana na utafiti wa Guyuron wa mwaka 2009, jozi 186 za pacha wa kufanana. Chini ya miaka 40, pacha mnene ndiye anayeonekana mzee. Baada ya 40 inageuka, mnene ndiye kijana. Unakimbia kulinda moyo, uso unalipa.

Kibaya zaidi ni wale wa Denmark, mwaka huohuo, kwenye BMJ. Waliwapa watu picha za pacha wenye miaka 70 na zaidi, wakadirie umri. Kisha wakasubiri kuona nani anakufa. Aliyeonekana mzee kuliko mwenzake ndiye aliyeelekea kutangulia, na tofauti ya sura ilivyokuwa kubwa ndivyo uwezekano ulivyoongezeka. Tangu nisome hiyo simwangalii ndugu yangu vizuri.

#38 Dada wa Zamu
Pacha B, huo ni uwezekano wa kundi, sio hati yako ya wito. Endelea kukimbia.

#39 Msumari
Ongeza mlo lakini.

#40 Suka Masafa
Tukiwa hapo hapo kwenye kufanana: wanandoa wa muda mrefu mbona huwa wanafanana? Hilo si jua wala mfupa.

#41 Chaki Nyeupe
Hoja hiyo aliileta mwanasaikolojia Robert Zajonc mwaka 1987. Alitumia picha za wanandoa za mwaka wa kwanza na za miaka 25 baadaye, akasema wanafanana zaidi, huenda kwa kuigana hisia, wanatumia misuli ile ile. Ilipendwa sana.

#42 Mbishi Halali
Ikapendwa, ikafa. 2020 Tea-makorn na Kosinski wa Stanford walirudia kwa picha nyingi zaidi, hawakukuta sura zikisogeleana. Wanandoa wanafanana kidogo tangu mwanzo kwa sababu tunaokotana wenyewe kwa wenyewe. Mke wangu hataki kusikia hii.

#43 Bibi Mtandao
Marehemu mume wangu alikuwa na sura yake na mimi yangu miaka 41. Tulichofanana ni ndita. Mwanzoni zilikuwa zake peke yake.

#44 Kinyozi Mtulivu
Tukifika kwenye ndita, misuli je? Mteja wangu mmoja hakimu, hata akisinzia kwenye kiti ana mistari miwili katikati ya nyusi. Hizo hazikuletwa na jua.

#45 Dada wa Zamu
Hizo ni za misuli kweli. Misuli ya uso haifanani na ya mguu. Mingi imeshikana na ngozi moja kwa moja, ikivuta inaikunja. Ukikunja mara elfu na elfu mahali pale pale na kolajeni imepungua, mkunjo unabaki hata misuli ikilala. Ndiyo maana ile sindano ya sumu ya botulini inafanya kazi hapo, inaulaza msuli. Ilianzia kwa madaktari wa macho. Jean Carruthers wa Kanada alikuwa akitibu kope zinazokakamaa, akaona ndita za wagonjwa zinalainika, mumewe ni daktari wa ngozi, mambo yakaanzia hapo. Marekani iliidhinisha kwa ndita mwaka 2002.

#46 Mbishi Halali
Kwa hiyo tusicheke wala tusinune?

#47 Dada wa Zamu
Kuna walioenda kinyume kabisa, mazoezi ya uso. Utafiti wa 2018 wa chuo kikuu cha Northwestern, wanawake 27 wenye miaka 40 hadi 65, wiki 20 za mazoezi. Waamuzi waliotazama picha walikadiria umri wao kushuka kutoka wastani wa 50.8 hadi 48.1. Mashavu yalijaa kidogo.

#48 Mbishi Halali
27 walianza, wangapi walimaliza?

#49 Dada wa Zamu
16. Na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Najua, najua, ukae kimya.

#50 Kimya Kingi
Mmejibu "vipi", "kwa nini" hamjaigusa. Kwa nini mwili unaojua kufunga kidonda uache uso ubomoke?

#51 Chaki Nyeupe
Mwanabiolojia Peter Medawar alilisema mwaka 1952 kwa namna ambayo bado inatumika: nguvu ya uteuzi wa asili inapungua kadiri umri unavyosonga. Kasoro inayotokea ukiwa na miaka 15 inafutwa kwa sababu hutaacha uzao. Inayotokea ukiwa na 60, watoto wameshazaliwa, inapita. Thomas Kirkwood mwaka 1977 akaongeza upande wa bajeti. Ukarabati unagharimu nguvu, na mwili hauweki nguvu kwenye kukarabati kitu milele wakati kuna kuzaa.

Maelezo hayo ni ya mwili mzima, si ya uso. Moyo na goti vipo kwenye mkumbo huohuo. Uso tunauona tu.

#52 Pacha B
Mbona basi watu wawili wa bajeti moja, yai moja, mmoja ni mzee?

#53 Chaki Nyeupe
Kula bwana.

#54 Mpigapicha Mstaafu
Narudi kwa mleta uzi maana swali lake la baba limetelekezwa. Nimefikiri tangu jana. Baba yako unamkumbuka akiwa na umri gani? Mtoto akianza kumtazama mzazi kwa akili, mzazi ana 40 na kuendelea. Yule baba wa miaka 30 hukuwahi kumwona, au ulimwona ukiwa begani kwake. Kwa hiyo sura ya "baba" kichwani mwako ni sura ya mwanaume wa 46. Umefika 46, mmekutana. Hapo huna haja ya mfupa wala mafuta.

#55 Fundi Meno
Hapana, bado mfupa. Shavu la kijana limefunika fremu. Likipungua, fremu aliyokuachia baba inatokeza. Alikuwemo muda wote.

#56 Dada wa Zamu
Zote mbili zinaweza kuwa kweli jamani.

#57 Mbishi Halali
Zote mbili zinaweza kuwa uongo pia. Kioo, tafuta picha ya mzee akiwa kijana. Hapo ndipo tutajua.

#58 Kioo Hakidanganyi
Wakuu nimerudi. Picha ninayo, dada yangu alikuwa nayo kwenye albamu, nyuma imeandikwa kwa kalamu ya wino mwaka ambao baba alikuwa na miaka 29. Nimeiweka mezani na zile pasi mbili.

Hafanani na mimi wa pasi ya zamani hata kidogo. Mashavu yamejaa, pua fupi, kope ziko juu, macho ya mtu anayetaka kukuuzia kitu. Kumwita mke wangu aone, akasema bila kufikiri, "huyu ni wetu". Ni mtoto wetu wa kwanza, ana 22. Ambaye nyumba nzima inasema ni mama yangu mtupu.

#59 Bibi Mtandao
Mwambie huyo mtoto asihangaike, zamu yake inakuja.

#60 Mpigapicha Mstaafu
Hiyo haijaniua. Mkeo naye anamwona baba yako kupitia mwanaye. Kila mtu analinganisha na uso alio nao kichwani.

#61 Fundi Meno
Haijaniua na mimi. Swali: mzee alikuwa na meno yote?

#62 Kioo Hakidanganyi
Magego ya juu yalitolewa nikiwa sekondari, upande mmoja. Kwa nini?

#63 Fundi Meno
Na wewe?

#64 Kioo Hakidanganyi
...Mawili. Miaka sita iliyopita. Sikuweka bandia kwa sababu hayaonekani nikicheka.

#65 Fundi Meno
Upande gani? Na picha ya pasi mpya inaonyesha shavu lipi limeingia?

#66 Kioo Hakidanganyi
Yalitolewa kulia. Shavu lililobonyea naona ni la kushoto. Kwa hiyo si meno.

#67 Mpigapicha Mstaafu
Kushoto kwako au kushoto kwa picha? Umezoea kioo cha kunyolea, kinageuza. Picha haigeuzi. Hilo kovu lako la #1 lipo upande uleule na shavu au upande wa pili?

#68 Kioo Hakidanganyi
Ngojeni nirudi mezani.